Uso si Ushahidi: Funzo la Mchezo wa Upelelezi Nyumbani kwa Askari

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na niliwafundisha wanafunzi wangu darasani kabla sijahamia kazi ya ofisi. Sikujua kuwa ingefika siku nitakapoitumia vibaya ndani ya nyumba yangu mwenyewe, juu ya mtoto asiye na hatia, tena nikiwa nimetiwa ujasiri na mchezo wa televisheni. Naandika habari hizi kwa sababu michezo ya namna hiyo sasa imekwisha kuingia kambini na katika nyumba za askari, na kwa sababu ndani yake mna fundisho jema na fundisho baya. Yafaa kila mzazi ajue kuyatenga mawili hayo.

Mgeni wa siku za likizo

Mwishoni mwa Januari 2025 mdogo wake mume wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, alikuja kututembelea. Mkononi alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba mlikuwa na mashine ya kuchezea iitwayo PlayStation 4, ambayo aliinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Baba watoto ni askari polisi, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo ya siku kumi.

“Shemeji,” kijana aliniambia akicheka, “leo nimemletea kaka kazi yake hapa hapa nyumbani, asije akaisahau.”

Tulipokwisha kula, na watoto walipokwisha kulala, waliiunganisha mashine na televisheni. Nami nilikuwa nimekaa pembeni nikichagua mchele, nia yangu ikiwa kutazama dakika tano tu. Nilitazama hadi saa sita ya usiku.

Mchezo wenyewe waitwa L.A. Noire. Ulitolewa Mei 2011 na kampuni ya Rockstar Games ya Marekani, lakini waliouunda ni kampuni ya Team Bondi ya mji wa Sydney, Australia, ambayo iliushughulikia kwa muda wa miaka saba hivi chini ya uongozi wa Brendan McNamara. Mahali pa kisa ni mji wa Los Angeles, mwaka 1947. Mchezaji huvaa viatu vya askari mmoja wa kubuniwa aitwaye Cole Phelps, aliyekuwa luteni katika kikosi cha Marines, akapigana vita vya Okinawa mwaka 1945, kisha akarudi kwao na nishani kifuani na kuingia polisi. Kadiri mchezo uendeleavyo ndivyo tunavyotambua kuwa nishani ile humsumbua moyoni, maana ajua mwenyewe kwamba hakuistahili. Askari wengi watalielewa jambo hilo bila ya kuelezwa zaidi.

Phelps huanza na doria. Baadaye hupandishwa daraja na kupitia vitengo vinne: usalama barabarani, mauaji, makosa ya maadili kama kamari na dawa za kulevya, na mwisho uchomaji wa nyumba moto. Katika kila kitengo hupewa mwenzake wa kazi. Stefan Bekowsky yuko barabarani, Rusty Galloway yuko katika mauaji, Roy Earle yuko katika maadili, na Herschel Biggs yuko katika moto. Mchezo wa kwanza ulikuwa na kesi 21, kuanzia siku za doria hadi mwisho.

Kesi tano za nyongeza

Usiku ule hawakucheza mchezo mzima. Walichagua kesi fupi, na hizo ndizo zilizonivutia kuliko zote. Mchezo huu una kesi tano ambazo hazikuwamo katika toleo la kwanza. Zilitolewa baadaye moja moja, na mwenye mashine alizipakua kwa intaneti kama vile zamani msomaji alivyosubiri gazeti la wiki ijayo ili apate sehemu mpya ya hadithi ya mfululizo. Tofauti ni kwamba hadithi ya mfululizo ilitukata kiu katikati na kutuambia itaendelea, ilhali kesi hizi kila moja ina mwanzo na mwisho wake. Mtu aliyetoka lindo jioni aweza kuianza moja na kuimaliza kabla ya kulala.

Kesi mbili ni za kitengo cha usalama barabarani. Katika “The Consul’s Car”, gari la balozi mdogo wa Argentina limeibwa, na polisi wana wasiwasi kwa kuwa mwenye mali ni mtu mkubwa. Katika “A Slip of the Tongue”, gari la wizi limekutwa na hati zilizo safi kabisa. Wapelelezi wanafuata hati hizo za rangi ya waridi hatua kwa hatua mpaka wanafika kwa wapiga chapa, maana hati zote zimeghushiwa. Baba watoto aliipenda sana kesi hii. Alisema kuwa hivyo ndivyo kazi ilivyo, kwamba karatasi moja uliyoitazama vizuri huzidi mbio za mchana kutwa.

Mbili nyingine ni za maadili. “The Naked City” inamhusu mwanamitindo aliyekutwa amekufa nyumbani kwake, na uchunguzi unawafikisha wapelelezi kwenye genge la wezi wa vito. Jina hilo na mpango wa kisa vilichukuliwa katika filamu ya mwaka 1948 iliyoongozwa na Jules Dassin, ambayo mambo yake yalitukia New York. “Reefer Madness” ni kesi ya bangi, na mizigo yake imefichwa ndani ya makopo ya supu.

Ya tano, “Nicholson Electroplating”, ni ya kitengo cha moto, nayo ina mzizi wa kweli. Inaanza kwa mlipuko unaoharibu kiwanda cha kupaka vyuma madini na nyumba zilizo jirani. Tarehe 20 Februari 1947, kiwanda cha namna hiyo cha O’Connor kililipuka kweli mjini Los Angeles. Watu 17 walikufa na wengine zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Chanzo kilikuwa mchanganyiko wa tindikali ya perikloriki na dawa nyingine ya maji, mchanganyiko ambao haustahimili joto wala uchafu. Wachunguzi walipofuatilia waligundua kwamba mtu aliyekabidhiwa dawa zile, akajulikana kwa wenzake kuwa mkemia, hakuwa na elimu ya kemia aliyodai kuwa nayo. Walimwamini kwa jinsi alivyosema na alivyoonekana. Hakuna aliyedai kuona cheti.

Nilipoelezwa habari hiyo niliona ni jambo la mbali, la nchi nyingine na la miaka mingi iliyopita. Haikupita siku mbili nikaona kuwa ni jambo langu.

Jinsi mpelelezi anavyohoji

Kazi ya mchezo huu imegawanyika sehemu mbili. Kwanza mpelelezi hupekua mahali pa tukio. Hutembea polepole, huinua chupa, hufungua droo, hugeuza mkono wa maiti kutafuta alama ya pete. Akikaribia kitu chenye maana, kengele ndogo hulia na kishikio hutetemeka mkononi mwa mchezaji. Muziki ukinyamaza, ndiyo ishara kwamba vitu vyote vimekwisha kupatikana. Kila alichokiona huandikwa katika daftari lake.

Sehemu ya pili ni mahojiano. Mpelelezi huuliza swali, mtu hujibu, na mchezaji humtazama usoni kisha huchagua moja katika njia tatu. Katika toleo la 2011 njia hizo ziliitwa Kweli, Shaka na Uongo. Ile ya Shaka iliwasumbua wachezaji wengi, kwa kuwa walidhani Phelps ataonyesha mashaka kwa upole, kumbe aliruka na kumkaripia shahidi, hata akiwa kikongwe au mfiwa. Toleo jipya la Novemba 2017, ambalo ndilo alilokuja nalo shemeji yangu, limebadilisha majina hayo. Sasa mchezaji huchagua kuwa askari mpole, kuwa askari mkali, au kumshtaki mtu kwamba anasema uongo.

Hiyo ya tatu ina sharti. Ukimwambia mtu kuwa ni mwongo, yeye hukujibu akidai uthibitisho, nawe hapana budi ufungue daftari na kuonyesha kielelezo kinachopinga maneno yake. Ukionyesha kisichohusika, umeshindwa, na habari aliyokuwa nayo huipati tena. Lakini mchezo una huruma. Kabla hujaonyesha kielelezo unaweza kuondoa shtaka lako, ukarudi nyuma na kuuliza kwa njia nyingine.

Usiku ule baba watoto alimshtaki mtu mmoja kwa haraka. Alikuwa na hakika kabisa. Alipofungua daftari hakukuta kitu cha kuonyesha, nasi tukamcheka sana.

“Huyu najua ni mwongo,” alilalamika. “Mtazame macho yake yanavyokimbia.”

“Afande,” mdogo wake alimjibu, “macho hayaandikwi kwenye jalada la kesi.”

Nilicheka pamoja nao, lakini maneno yale yalinipita. Kilichobaki kichwani mwangu ni zile nyuso. Waigizaji zaidi ya 400 waliketi mmoja mmoja kitini katika chumba chenye mwanga mkali, wakazungukwa na kamera 32 zilizonasa kila mkunjo wa ngozi. Kwa hiyo mtu wa kwenye mchezo akimeza mate unaona koo likipanda, na akitupa jicho pembeni unaliona. Kazi hiyo ilitaka nafasi kubwa mno, hata toleo la Xbox 360 likahitaji diski tatu. Nilikwenda kulala nikijiona kuwa nami nimekwisha kuwa mpelelezi.

Fedha zilizopotea

Asubuhi ya siku ya pili nilitafuta fedha za shule ambazo nilikuwa nimeziweka ndani ya kopo kabatini. Zilikuwa shilingi laki tatu na nusu, akiba ya miezi minne. Kopo lilikuwa tupu.

Tunakaa na binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka kumi na minne. Yeye ndiye afagiaye chumba kile kila siku. Nilimwita, nikamkalisha kitini, nikaketi mbele yake kama nilivyomwona Phelps akiketi. Nilimwuliza kama amefungua kabati. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu, “Hapana, mama mdogo,” macho yake yakiwa sakafuni. Nilimwuliza tena. Alimeza mate. Vidole vyake vilishika pindo la gauni na kulizungusha.

Ndugu msomaji, katika mchezo ule hizo ni dalili za mwongo, tena dalili zilizo wazi. Nilimwambia kuwa ni mwizi. Nilisema kwa sauti, na kuta za nyumba zetu ni nyembamba, hata jirani wa upande huu na wa upande ule wakasikia. Nikaongeza na methali ya kikulacho. Mtoto alilia bila ya kutoa sauti, na tangu hapo akawa haongei. Alifanya kazi zake, akala kidogo, akalala mapema.

Baba watoto alikuwa ametoka. Aliporudi jioni nilimweleza yote, nikitarajia kwamba yeye kama askari ataendeleza kesi pale nilipoishia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

“Kielelezo chako ni nini?”

Nilimwambia kuhusu macho, mate na vidole. Hakucheka. Alisema, “Basi huna kesi,” akaenda kukaa na mtoto nje.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Nilipofungua kitabu changu cha akiba, fedha zilikuwa zimekunjwa katikati ya kurasa zake. Nilikumbuka papo hapo. Juma lililotangulia niliogopa kopo, nikazihamisha mwenyewe, kisha kazi za nyumbani zikanisahaulisha.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu siku hiyo. Katika mchezo ningebonyeza kitufe na kuondoa shtaka langu, lakini nyumbani kitufe hicho hakipo. Nilimwomba mtoto radhi mbele ya baba watoto na mbele ya shemeji. Kisha nilikwenda kwa majirani wote wawili nikawaeleza kuwa nimekosea, kwa sababu aliyeaibishwa hadharani haitoshi kumsafisha chumbani. Mtoto alinisamehe kwa adabu. Hata hivyo yalipita majuma kadhaa kabla hajaanza tena kuimba jikoni kama ilivyokuwa desturi yake.

Kwa nini uso hutudanganya

Baadaye nilirudi kulifikiri jambo hili kwa utulivu, maana nilitaka kujua kosa langu lilianzia wapi.

Kwanza, nyuso za mchezoni zimetengenezwa ili zisomeke. Mwigizaji ameambiwa kuwa hapa unadanganya, naye amejitahidi mtazamaji atambue. Mchezo ambao mwongo wake hatambulikani kabisa haungechezeka. Mwongo wa kweli hapati maelekezo hayo, bali hujitahidi kinyume chake. Na msema kweli aliyetishwa humeza mate vile vile.

Pili, wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi mwingi uliofanywa kwa watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kutambua nani asema kweli na nani asema uongo, bila ya msaada wa ushahidi mwingine. Waliopatia walikuwa kiasi cha asilimia 54. Mtu angerusha sarafu angepata asilimia 50. Tena wale ambao kazi yao ni kuhoji watu, wakiwamo polisi, hawakuonekana kuwashinda raia wa kawaida. Nilipomsomea baba watoto habari hizo alikaa kimya, kisha akasema kwamba angependa kila askari mpya azisome.

Tatu, na hili lilinichoma zaidi kwa kuwa nilikuwa mwalimu, mchezo ule umetungwa kwa desturi za watu wa kwao. Huko kumtazama mtu machoni huhesabiwa kuwa ni unyofu. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hainui macho mbele ya mkubwa anayemhoji. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha binti yule ainamishe kichwa mbele ya wakubwa. Siku aliponitii nilimwita mwizi.

Hata mchezo wenyewe, ukiutazama hadi mwisho, unatuonya. Katika kitengo cha mauaji Phelps anawapeleka watu kizuizini mmoja baada ya mwingine, na mkuu wake anamhimiza apate wa kuhukumiwa haraka kwa kuwa magazeti yanapiga kelele. Galloway naye kila mara anaamini kwamba muuaji ni mume wa marehemu. Kumbe watu wale hawakuua. Muuaji ni mwingine kabisa, na Phelps anamjua akiwa amekwisha kuwaharibia maisha wasio na hatia. Watunzi waliliweka jambo hilo katika mji wa mwaka 1947, zama ambazo polisi wa Marekani hawakulazimika kumjulisha mtu haki yake ya kunyamaza kabla ya kumhoji. Sharti hilo lilikuja mwaka 1966 kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo katika kesi ya Miranda. Kwetu hapa Uganda, ibara ya 28 ya Katiba ya 1995 yasema kuwa mshtakiwa huhesabiwa hana hatia hadi ithibitike au akiri mwenyewe. Nyumbani hatuna hakimu, lakini kanuni hiyo yafaa iishi hata jikoni.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Baada ya kusema hayo, sisemi kwamba mchezo huu ufukuzwe majumbani. Kesi zake fupi ni burudani nzuri kwa watu wazima, nazo humzoeza mtu kutazama, kuandika na kuunganisha mambo. Ila mwenye nyumba hana budi kuzingatia haya.

La kwanza ni umri. Mchezo huu una maiti zilizo uchi, damu na maneno makali. Ulaya umewekwa katika daraja la miaka 18, na Marekani miaka 17. Watoto walazwe kwanza, kama tulivyofanya sisi. Wala haifai kusema kuwa mtoto wa askari amezoea.

La pili ni bei. Kesi za nyongeza huuzwa mbali na mchezo, na hapo ndipo fedha zinapovuja kidogo kidogo. Mwaka 2011 kesi tatu kati ya zile tano zilitangulia kutolewa kama zawadi kwa baadhi ya wanunuzi, lakini kila zawadi ilitegemea duka au aina ya mashine. Aliyenunua mahali pamoja aliikosa kesi iliyotolewa mahali pengine, akalazimika kungoja na kulipa. Ilipofika Novemba mwaka huo huo likatolewa toleo kamili lenye kesi zote. Toleo la 2017 nalo linazo zote ndani yake. Aliyekuwa na subira alipata kwa malipo ya mara moja kile ambacho mwenye haraka alikilipia vipande vipande. Kwa hiyo, kabla hujanunua kipande chochote cha mchezo wowote, uliza kwanza kama lipo toleo kamili.

La tatu ni gharama ya kupakua. Mchezo wa nyuso za namna hii ni mzito, nao humeza fungu la intaneti la mwezi mzima kwa siku moja. Mkubaliane mapema nani atalipa, na namba ya siri ya malipo ya simu isikabidhiwe kijana wala mgeni, hata akiwa shemeji umpendaye.

La nne ni wakati. Uzuri wa kesi fupi ni kuwa zina mwisho. Kesi moja kwa usiku yatosha. Ikiisha, zimeni mashine mzungumze. Sisi sasa tuna desturi ya kuulizana baada ya kila kesi ni kielelezo gani kilichoimaliza, na ni wakati gani tulikaribia kumkosea mtu. Mara nyingi mazungumzo hayo hunipendeza kuliko mchezo.

Shemeji yangu alirudi chuoni mwezi wa Februari na mashine yake. Kabla ya kuondoka, yeye na kaka yake walimaliza kesi ya kiwanda, ambayo walikuwa wameiacha hadi mwisho. Usiku huo baba watoto alipata nafasi ya kumshtaki mtu ambaye macho yake yalikimbia huku na huku. Aliondoa kidole kwenye kitufe, akafungua daftari, akasoma ukurasa mzima, kisha akachagua kuuliza kwa upole. Mtu yule alisema yote.

Binti wa dada yangu amerudi shuleni, na karo yake ililipwa kwa fedha zile zile. Kitabu cha akiba nimekikabidhi kwake akitunze. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako ndio hao hao waliosema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi niliishika ile ya kwanza nikaisahau ya pili. Wewe msomaji, ukipotelewa na kitu nyumbani kesho, anza kwa kupekua mifuko yako mwenyewe, kisha kabati, kisha vitabu vyako. Ukimwita mtoto baada ya hapo, mwite umwulize.